Mchanga Uliobaki kwa Mkunga

"Kwenye lipu sina neno," mkunga alisema. Alikuwa amesimama katikati ya chumba chake kipya, viatu mkononi, ingawa sakafu yenyewe ilikuwa bado udongo mtupu. "Nimepapasa kuta zote. Laini kama shavu la mtoto. Ninachouliza ni kile kilichoko nje."

Kilichoko nje kilikuwa mchanga. Toroli nane za mchanga wa mto, safi, uliochekechwa, umekaa kimya kwenye kona ya kiwanja. Pembeni yake mifuko mitatu ya saruji ilikuwa imefunikwa na nailoni. Lipu ya ndani ilikuwa imekwisha. Vitu hivyo viliagizwa kwa lipu hiyo tu.

Fundi alisimama mlangoni akifuta mwiko kwa kipande cha gunia. Mwiko wenyewe ulishakuwa safi zamani, lakini mtu akikosa la kusema mikono hutafuta shughuli. "Umebaki, Mama," alijibu.

"Nimeona umebaki. Nauliza umebakije."

Hapo inabidi nieleze, maana asiyejua mambo ya ujenzi anaweza kudhani mkunga alikuwa bahili. Hakuwa. Ni mazoea ya mafundi tangu zamani: kazi ikiisha, mchanga uliobaki ni wa fundi. Karai mbili tatu, toroli moja, hakuna mwenye nyumba mwenye akili timamu anayegombania. Lakini toroli nane ni habari nyingine. Na mchanga wote ule ulitoka kwenye kiwanja cha mke wa huyo huyo fundi, mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Mama Kokoto. Kwa hiyo hesabu ilijifanya yenyewe: mume anaagiza kupita kiasi, mke anauza, kazi inaisha, mabaki yanarudi kwa mke, mke anauza tena.

"Makosa ni yangu," fundi alisema. "Nilipima vibaya."

"Wewe?" Mkunga alimtazama vizuri. "Wewe ndiye Mzee Pima."

Jina hilo hakujipa. Watu walimpa kwa sababu hakuwahi kushika utepe. Alikuwa akifika kwenye ukuta, anaugeukia kifua mbele, anatanua mikono yote miwili kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, hiyo pima moja, anasogea, anatanua tena. Urefu wa kwenda juu alihesabu mistari ya matofali. Halafu anasema: mchanga toroli kadhaa, saruji mifuko kadhaa. Eneo la pima moja kwa pima moja hula toroli moja ya mchanga, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo mikono yake ilivyozoea, na kazi ikiisha panabaki karai moja ya kuzibia nyufa. Watu walikuwa wanakuja kuangalia tu kinachobaki, kama mchezo.

"Kosa la toroli moja nalielewa," mkunga alisema. "Hata kipimo cha damu hukosea. Nane si kosa, Fundi. Nane ni mpango."

Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyouma. Angefoka, fundi angepata pa kushikia. Huyu mama alikuwa anastaafu, nyumba ya kazini alitakiwa kuiacha, na hii ya vyumba vinne ndiyo jasho lake lote. Halafu ndiye aliyemzalisha Mama Kokoto. Mikono iliyompokea binti yao ndiyo ile iliyokuwa imeshika viatu.

"Ukuta wa nje nitatafuta mtu mwingine," aliendelea. "Sitapiga kelele mitaani. Lakini nikiulizwa kwa nini, sitasema uongo. Sijawahi kumdanganya mzazi hata mmoja, siwezi kuanza na wajenzi."

Fundi aliinama akaokota karai lake kwa mkono wa kushoto. Hakuiba. Hakujua pia mchanga ule ulibakije. Mtu asiyejua anajiteteaje?

* * *

Habari ilifika kiwanjani kwa Mama Kokoto kabla ya fundi mwenyewe kufika nyumbani. Aliileta Redio, msukuma toroli, mtu mzima mwenye familia yake ambaye jina lake lilitokana na tabia yake. Alikuwa amekwenda kwa mkunga kuulizia kama kuna mzigo wa kubeba, akasikia yote akiwa nyuma ya ukuta, na moyo wake haukumruhusu kubaki nayo.

"Mimi sisemi, dada," alisema akiwa ameshasema. "Ila nimeona ni bora uisikie kwangu."

"Asante. Sasa funga mdomo wako uchukue sepetu."

Mama Kokoto alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mikono, mwenye sauti ya kuvuka barabara. Kiwanja chake kilikuwa na lundo la mchanga, lundo la kokoto ndogo, lundo la kokoto kubwa, na ubao mmoja mnyoofu ambao aliuthamini kuliko viti vya nyumbani kwake. Kila toroli ikijaa, aliupitisha ubao huo juu ya kingo, kinachozidi kikianguka, kilichopungua kikijazwa. Toroli ya Mama Kokoto haina kilima wala shimo; hiyo ndiyo sifa aliyoijenga, na ndiyo iliyowaleta watu hata pale wenzake walipouza kwa bei ya chini.

Siku hiyo alikuja mwanamke mmoja anayeuza mboga, mteja wa siku zote, anajenga choo kidogo kidogo. Alikuja na karai lake mwenyewe kichwani.

"Leo nipimie kwa hili," alisema, macho pembeni.

"Karai langu lina nini?"

"Halina kitu. Nimeona tu nije na langu."

Mama Kokoto alilipokea karai lile, akalijaza, akalisawazisha. Lilikuwa dogo kuliko lake. Mwanamke yule alikuwa anajipunja mwenyewe ili asipunjwe. Ingekuwa siku nyingine wangecheka mpaka waketi chini. Siku hiyo alimtwisha tu, akamwambia karibu tena, kisha akaenda nyuma ya lundo la kokoto akalia kidogo, akanawa uso, akarudi.

* * *

Jioni, jua likiwa bado halijazama, sebuleni kwao palikuwa na watu watatu. Binti yao, mshonaji, alikuwa kwenye cherehani yake karibu na dirisha. Alikuwa mwanamke wa umri wa kuolewa ambaye alikataa wachumba wawili kwa sababu mmoja alikuwa anakula kwa kelele na wa pili hakumbuki kwa nini. Fundi alikaa kwenye kiti cha mbao. Mama Kokoto hakukaa.

"Niambie mimi," alisema. "Usimwambie mkunga, usimwambie mtu. Niambie mimi mkeo. Uliagiza zaidi makusudi?"

"Hapana."

"Maana ukiwa umefanya, nitakupiga, kisha nitakupikia, kisha tutakwenda kumwomba radhi. Lakini nijue."

"Sikufanya. Nilipima."

"Ulipima vipi?"

"Kama ninavyopima."

"Basi pima hapa."

Fundi alimtazama kama aliyeambiwa avue nguo. Lakini ombi halikuwa la ajabu. Sebule ile aliijenga mwenyewe kwa mikono yake. Ukuta wa upande wa dirisha ulikuwa pima tatu, tatu kamili. Binti yao alipokuwa mdogo alikuwa akimwona baba yake akiutembea kuwaonyesha wageni: moja, mbili, tatu, kidole kwenye kona. Wageni walipiga makofi.

"Nisogezee cherehani," fundi alisema.

Binti aliisogeza, akachukua chaki ya kuchorea vitambaa ili aweke alama. Baba yake aliugeukia ukuta, akaweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye kona, akatanua wa kulia. Mama Kokoto alikuwa amesimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akamtazama mumewe akipima. Mkono wa kushoto ulinyooka ukutani. Wa kulia ulipanda hadi chini ya bega, ukasimama. Kiwiko kilikunjika kidogo, kidogo tu. Shingo ya mzee ilikakamaa.

"Moja," binti alisema, akachora.

Alisogea. Mbili. Akasogea. Tatu. Binti akachora alama ya tatu, na wote wakatazama. Kutoka pale hadi kwenye kona pangekaa cherehani na kiti chake.

"Nyumba imekua," binti alisema akitaka kucheka. Halafu akaona jasho kwenye shingo ya baba yake, akaiweka chaki chini.

Fundi hakugeuka. Alibaki ameutazama ukuta wake, akaurudia peke yake, akianzia kona ya pili kurudi. Akapata vilevile.

"Lile shati," binti alisema taratibu. "Ulisema kwapa linabana, nikalifumua. Ukaleta la pili. Nilidhani unanenepa."

"Anenepee wapi huyu," Mama Kokoto alisema, lakini hakuwa na ukali tena. Alimwendea mumewe, akaushika ule mkono wa kulia juu ya kiwiko, akauinua polepole kama anavyoinua sufuria yenye maji ya moto. Haukufika mbali. Mzee aliuma mdomo, macho yakamlowa. "Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoisha. Ulianza usiku, nikadhani nimelalia vibaya."

"Na kazini?"

"Nainua jukwaa. Nikiwa juu zaidi, sihitaji kunyoosha sana. Narusha lipu kwa kiuno." Alijaribu kutabasamu. "Inakaa vizuri tu."

"Na pima?"

"Nilikuwa nafika," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayeapa. "Wallahi nilikuwa nasikia nimefika. Kunauma, najua hapo ndiyo mwisho wa mkono, naweka kidole. Sikujua kwamba mwisho umesogea."

Ndivyo ilivyokuwa. Pima yake ilipungua, ukuta ukawa na pima nyingi zaidi, kila pima ikadai mchanga wake. Hakuna aliyeiba kitu. Mtu alikuwa anapima nyumba za watu kwa maumivu yake.

Mama Kokoto alikaa kitini sasa, kwa nguvu, kiti kikalalamika. Alicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo ni yeye tu anayeliweza. "Mzee wangu," alisema, "yaani umelala nami kitanda kimoja muda wote huu, mkono umekufa, hukuniambia? Mimi nilidhani umechoka kunikumbatia."

Binti aliinama kwenye cherehani akajifanya anatunga uzi.

"Asubuhi tunakwenda kwa mkunga," Mama Kokoto alisema. "Unamwonyesha. Imekwisha."

"Hatuendi."

"Kwa nini?"

Fundi alikaa chini, mgongo kwenye ukuta. "Fikiria, mke wangu. Fundi akiitwa mwizi, watu wanasema wee, kisha mwaka unapita, mtu ana kazi, anamwita kwa bei ya chini, anamlinda. Mafundi wezi wangapi unawajua wana kazi? Sasa fundi wa lipu akisikika hana mkono, nani atamwita? Wa kufanya nini? Wa kuimba?"

"Kwa hiyo afadhali uitwe mwizi."

"Afadhali."

"Na mimi niitwe nani?"

Hilo fundi hakuwa amelifikiria, na ilionekana. Mama Kokoto naye hakulisukuma. Alikwenda jikoni akaweka maji ya kumkanda, akayajaribu kwa kiwiko mara mbili asije akamuunguza, na wakati anamkanda bega hakuna aliyemtaja mkunga wala mchanga. Alimsimulia habari za Redio, namna alivyoapa kunyamaza huku akipumua kama aliyekimbizwa. Mzee alicheka, bega likamuuma, akacheka tena.

* * *

Kesho yake fundi hakuwa na kazi ya kwenda. Alizunguka uani, akachomoa magugu mawili, akashika mwiko, akauweka. Halafu akaona bora aende kiwanjani akamsaidie mkewe kuketi, kwa maana msaada mwingine hakuwa nao.

Alipofika alisimama nyuma ya lundo la kokoto kubwa, kwa sababu aliona kitu asichokielewa. Mama Kokoto alikuwa anamjazia mteja toroli. Ilikuwa imejaa mpaka kingo, na ubao ulikuwa umelala chini. Hakuuchukua. Aliongeza sepetu moja juu. Akaongeza nyingine. Mchanga ulisimama kilima juu ya toroli, unaporomoka pembeni, na yeye anaongeza tu, huku anatabasamu kwa namna ambayo fundi hakuwahi kuiona: tabasamu la mtu anayeomba.

"Imetosha, dada," mteja alisema. Alikuwa mwanamume kijana, ameona haya.

"Chukua, chukua. Usije ukasema Mama Kokoto anapunja."

Baada yake alikuja mwingine, naye akapewa kilima. Redio alisukuma toroli zile akimwaga mchanga njia nzima, kimya, na Redio kukaa kimya ni jambo la kutisha.

Mimi nasema hivi: mtu anaweza kuvumilia kuitwa mwizi akiwa peke yake, hata akaanza kuzoea. Kumwona mkeo akinunua jina lake kwa sepetu, hilo sidhani kama kuna anayelizoea. Fundi alitoka nyuma ya kokoto. Aliinama akauokota ubao kwa mkono wa kushoto, akaenda kwenye toroli ya tatu, iliyokuwa imeshapata kilima chake, akaupitisha juu ya kingo polepole, mchanga ukaanguka pande zote mbili, toroli ikabaki sawa.

"Hii ndiyo toroli ya mke wangu," alimwambia mteja. "Umelipia hii. Kilichozidi ni chake."

Kisha akamgeukia Mama Kokoto, ambaye alikuwa ameshika sepetu kifuani. "Funga kiwanja," alisema. "Twende."

"Wapi?"

"Unapajua."

* * *

Mkunga alikuwa amekaa kwenye tofali mbele ya nyumba yake, anabandua maganda ya saruji kwenye fremu ya dirisha. Aliwaona wakija wote wawili, mume mbele, mke nyuma kidogo, akasimama. Huenda alidhani wanakuja kugombana. Alikunja mikono ya blauzi.

"Shikamoo, Mama," fundi alisema, ingawa umri wao haukupishana sana. Ilikuwa shikamoo ya mzazi kwa mkunga.

"Marahaba. Mchanga wenu uko pale pale, sijaugusa."

"Sijafuata mchanga." Aliingia ndani bila kukaribishwa, akausogelea ukuta wa sebule, akaugeukia kifua mbele. "Naomba unitazame ninavyopima."

Alitanua mikono. Wa kushoto ukaenda. Wa kulia ukapanda, ukafika ulipokuwa unafika, ukasimama pale. Hakujaribu kuficha kiwiko. Aliacha mkono ubaki hivyo ili aonekane, na Mama Kokoto, mlangoni, alitazama nje kwa sababu hakuweza kutazama ndani.

"Ndiyo pima yangu hiyo," alisema akiwa bado ameukabili ukuta. "Ilikuwa ndefu zaidi. Imepungua, sikujua. Ndiyo maana mchanga umebaki. Sikukuibia, Mama. Lakini mkono sina, na hilo nilitaka kukuficha. Nilitaka uniite mwizi nipate kazi. Mke wangu hakujua lolote, aliuza alichoagizwa."

Mkunga aliacha viatu mlangoni, akamwendea, akaanza kazi yake. Alimbonyeza bega mbele, nyuma, chini ya kwapa, akamzungushia mkono kwa upole uliokuwa na amri ndani yake. "Hapa? Hapa je? Usijikaze, sasa hivi mimi si mteja."

"Hapo, Mama."

"Limeganda," alisema. "Nimewaona wengi, hasa akina mama wa umri wetu. Halijafa. Ila umelifungia ndani mpaka limekasirika." Alimwacha, akapangusa mikono. "Nilijiuliza kwa nini jukwaa lako liko juu hivyo. Nikadhani unataka kuchungulia kwa jirani."

Mama Kokoto alicheka mlangoni, kicheko kilichotoka puani.

"Nyumba ngapi umezipima hivi?" mkunga aliuliza.

Hilo swali fundi hakulitegemea, wala mkewe. Alitazama chini. "Na hii yako, nne."

"Hizo tatu utakwenda mwenyewe. Hapo sikusaidii."

"Nitakwenda."

"Najua utakwenda. Sasa njoo hapa." Alimpeleka kwenye ukuta wa katikati, uliokuwa mzuri kuliko yote, ule unaoonekana mtu akiingia. "Weka vidole vya mkono mbovu ukutani. Hapo chini. Sasa vipandishe, kimoja kimoja, kama vinatembea. Vikikataa, subiri, pumua, vipande tena. Kila siku. Hiyo ndiyo dawa, nyingine hakuna."

Fundi alirudisha mkono. "Si hapa, Mama. Hii lipu haijapakwa rangi. Vidole vyangu vitaacha madoa yasiyotoka."

"Ukuta wa nani?"

"Wako."

"Basi panda."

Alipanda. Vidole vilivyokwenda haraka juu ya kuta za mtaa mzima vilikwenda sasa kama mzee anayepanda ngazi kwa mara ya kwanza. Kiunoni. Kifuani. Karibu na kidevu vikasimama, jasho likamtiririka mpaka kwenye kola. Mkunga alichomoa penseli mfukoni, akachora mstari mdogo pale kidole cha kati kilipoishia.

"Kesho nataka tupite hapa," alisema. "Na ukuta wa nje ni wako bado. Chini utapiga wewe. Juu, sijui. Tafuteni wenyewe. Ule mchanga wa nje uanze kuliwa kwanza, msiniletee mwingine kabla haujaisha."

* * *

Walipima ukuta wa nje kwa utepe wa mshonaji. Binti aliuleta mwenyewe, akasimama upande mmoja, baba yake upande wa pili, na kwa kuwa utepe wa nguo ni mfupi walikuwa wanasogea na kubishana kila baada ya hatua mbili. Fundi aliusoma akiwa ameusogeza mbali na macho, hana imani nao. Lakini mchanga waliouagiza ulitosha, likabaki karai moja.

Juu alipanda Mama Kokoto. Hakuna aliyemwomba, alivaa suruali ya mumewe akapanda jukwaani. Mwezi ule watu walipita njia ile makusudi. Alikuwa anarusha lipu kama anayemrushia mtu mawe, nusu inakaa ukutani, nusu inamshukia mumewe kichwani, naye kutoka chini anamfokea: kiganja, mama, kiganja, usitumie bega, bega ni langu hilo, ona lilivyonifanya. Mpaka wanafika upande wa nyuma, alikuwa anarusha vizuri. Upande wa mbele mpaka leo una mawimbi, na mkunga alikataa usirekebishwe.

Zile nyumba tatu fundi aliziendea peke yake. Wa kwanza alicheka, akasema mchanga wenyewe alishaumwaga uani, yamekwisha. Wa pili alitaka alipwe, na Mama Kokoto akampelekea kokoto za thamani ileile bila kununa. Wa tatu alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akamshukuru, kisha akazunguka mtaani akisema Mzee Pima amekwisha, mkono hauna kitu, msimpe kazi. Ilikuwa kama fundi mwenyewe alivyosema. Kazi zilikatika. Ikawa miezi ya kula kwa cherehani ya binti na karai za mama, na mzee akiosha vyombo kwa mkono mmoja, akivunja kimoja kila wiki. Kila jioni alivaa shati safi akaenda kwa mkunga. Alipandisha vidole ukutani, akachorewa mstari, akanywa chai, akarudi.

Mkunga alihamia. Nyumba ilipakwa rangi yote, kasoro kipande kimoja cha ukuta wa sebule, upana wa mlango, kilichobaki na kijivu chake. Kilikuwa na madoa ya vidole tangu kiunoni kwenda juu na vistari vya penseli vinavyofuatana, vingine vimebanana, vingine vimeachana. Siku ya kuwakaribisha watu kuona nyumba, majirani walijaa. Yule mtu wa nyumba ya tatu naye alikuja. Alizunguka vyumba vyote akisifia, akafika sebuleni, akaketi, akakiona kile kipande.

"Mama, nyumba nzuri," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Ila hapa mbona wameacha uchafu? Fundi alikukimbia?"

Wengi walijua kipande kile ni cha nini. Mama Kokoto alikuwa amebeba sinia la vikombe, akasimama nalo. Fundi mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa mlangoni, ameinama anavua viatu, amevaa shati ambalo kwapa lake binti alikuwa amelishona tena siku ileile. Alibaki ameinama.

Mkunga hakuacha kumimina chai. Alijaza kikombe, akampa yule mtu mkononi, akahakikisha amekishika.

"Hakukimbia," alisema. "Fundi wangu ndiye yule pale mlangoni. Bado hajamaliza."